Uchovu wa kazi hautibiwi kwa pumzi peke yake

Kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwisho wa Juni, Dodoma hufuata saa ya Bunge. Bunge la Bajeti likishaanza, majibu ya maswali ya wabunge huandaliwa usiku, randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti ya wizara, hurudiwa, majedwali hupekuliwa tarakimu kwa tarakimu, na mtumishi aliyeaga nyumbani alfajiri hurudi watoto wameshalala. Saa rasmi za serikali ni kuanzia 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, lakini katika miezi hiyo 9:30 hupita bila mtu kuangalia ukutani. Kila mmoja, kuanzia dereva hadi mchumi wa wizara, hujipa moyo kwamba Julai itafika na atapumzika.

Kwa baadhi ya watu Julai inafika, likizo inachukuliwa, na uchovu unabaki palepale. Mtu anakwenda kijijini kwao Kondoa au Iramba, analala, anakula vizuri, anarudi Dodoma, na Jumatatu asubuhi akiona geti la ofisi moyo unazama kama mwezi uliopita.

Huyo ndiye ninayemwandikia, pamoja na mkuu wake wa idara na afisa utumishi wake. Ofisi nyingi siku hizi zikiona watu wamechoka huitisha semina ya afya ya akili. Mwezeshaji anakuja, watumishi wanaelekezwa kukaa wima, kufumba macho, kufuatilia pumzi na kuyatazama mawazo yakija na kuondoka. Wengine wanapakua programu ya simu inayowaongoza kufanya hivyo nyumbani. Mazoezi hayo yana msingi, na nitaeleza yanavyofanya kazi mwilini na kichwani. Lakini yametwishwa mzigo usio wao. Anayeumia ni mtumishi anayeyajaribu wiki mbili, anaona mafaili hayajapungua na simu za usiku hazijakoma, kisha anahitimisha kwamba tatizo ni yeye, hata kupumua kumemshinda.

Uchovu huu ni upi

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu jambo aliloliona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Alikuwa akijitolea jioni katika kliniki ya bure mjini New York, baada ya kumaliza kazi zake za mchana. Wafanyakazi walioanza na ari kubwa, baada ya muda walikuwa wamekauka: wepesi wa hasira, maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutojali kile walichokipenda. Aliona kuwa waliojitoa zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hilo naomba mkuu yeyote wa kazi alikumbuke kabla hajamwita mtu mvivu.

Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwahoji watu wa kazi za kuhudumia binadamu wenzao, na mwaka 1981 yeye na Susan Jackson wakachapisha dodoso ambalo bado linatumika kupima hali hii. Dodoso hilo huangalia mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu: mtu analala usiku mzima na kuamka amechoka. La pili ni kuwa mbali kimoyo na watu anaowahudumia. Muuguzi anaanza kuwataja wagonjwa kwa namba za vitanda, mwalimu anaona darasa zima ni kero, karani wa dirishani anamjibu mzee aliyetoka Mpwapwa kufuatilia mafao yake bila kuinua macho. La tatu ni kuhisi kwamba anachokifanya hakina maana na hakiwezi kuwa na maana, hata pale kazi inapokamilika vizuri.

Jambo la pili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi katika ofisi zetu. Kuishiwa nguvu kunaonewa huruma kidogo, lakini ukali na ubaridi huandikiwa barua ya onyo. Mtu huyo hajageuka kuwa mbaya. Kila anayemsogelea anamwomba kitu ambacho kwake kimekwisha, na ubaridi ni njia pekee aliyobaki nayo ya kujikinga. Barua ya onyo inamwongezea mzigo mmoja zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu huu miongoni mwa mambo yanayoathiri afya, bila kuuita ugonjwa. Kwa maelezo ya shirika hilo, unatokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo, na unahusu kazi tu, si kila uchovu wa maisha. Ukiyasoma maelezo hayo kwa makini utaona yanaanzia mahali pa kazi, hayaanzii kwenye tabia ya mfanyakazi.

Hapo ndipo unapotofautiana na sonona, ingawa viwili hivyo hupakana na vinaweza kumkuta mtu mmoja. Mwenye uchovu wa kazi bado anaweza kufurahi harusini, akacheka na watoto wake, akaifuatilia mechi ya Dodoma Jiji kwa shauku. Giza linamwingia anapofikiria kazi. Sonona haibagui mahali. Inamfuata mtu nyumbani, msikitini au kanisani, mezani, kitandani, na inamwondolea hamu hata ya vile alivyovipenda. Uchovu wa kazi ukiachwa kwa muda mrefu unaweza kumfikisha mtu huko.

Unatoka wapi

Watu wengi hudhani chanzo ni wingi wa kazi. Wingi wa kazi ni chanzo kimoja kati ya sita ambavyo Maslach na mwenzake Michael Leiter walivieleza mwaka 1997. Vingine ni kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe, kutotambuliwa au kutolipwa inavyostahili, mahusiano mabovu kazini, upendeleo, na kulazimika kufanya kinachopingana na unachokiamini. Mtu anaweza kubeba kazi nyingi kwa miaka ikiwa ana kauli, anaheshimiwa na anaona haki inatendeka. Mwingine mwenye mafaili matano mezani anakwisha kwa sababu kila faili linarudishwa bila maelezo.

Kukaimu ni mfano ambao karibu kila mtumishi anaujua. Mtu anapewa barua ya kukaimu ukuu wa kitengo. Anabeba majukumu ya nafasi ya juu bila kuachiwa ya chini, anawajibika kwa makosa ya wengine bila kuwa na mamlaka kamili ya kuwaelekeza, na miezi inapita hajui kama atathibitishwa au ataletwa mwingine. Hapo vyanzo vinne kati ya sita vimekutana kwa mtu mmoja: mzigo, kukosa kauli, kutotambuliwa, na hisia ya kutotendewa haki. Huyo humwambii akafumbe macho dakika kumi. Unampa jibu la barua yake.

Dodoma ina jambo jingine ambalo vitabu vya ughaibuni havilisemi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, lakini serikali ilihama kwa kishindo baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016, na mwaka 2019 wizara zikaanza kuingia Mji wa Serikali, Mtumba. Maelfu ya watumishi walihama ndani ya muda mfupi. Mwenzi mwingine ana kazi Dar es Salaam, watoto wapo shule waliyoizoea, mama mzazi anahudhuria kliniki Muhimbili. Kwa hiyo kuna watu wanaoishi maisha mawili: Jumatatu hadi Ijumaa chumba cha kupanga Nzuguni, Ilazo au Ihumwa, Ijumaa jioni safari ya Dar es Salaam, Jumapili kurudi. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imewapunguzia saa za barabarani, na hilo ni jambo kubwa. Bado mwisho wa wiki unabaki siku moja na nusu, na nauli inatoka mfukoni mwao.

Mwili hupona kutokana na kazi kwa kuwa mbali na kazi, na watu wa karibu ndio sehemu kubwa ya huko mbali. Anayemaliza kazi saa kumi na mbili jioni akarudi kwenye chumba kitupu mara nyingi hana cha kumtoa kazini, hivyo anafungua tena kompyuta. Wakubwa wakaona ni mchapakazi.

Halafu ipo simu. Katika yote niliyoyataja, hili naliona ndilo baya kuliko mengine kwa sababu limezoeleka mno. Kundi la WhatsApp la idara linaanza na salamu za asubuhi, na saa nne usiku bosi anaandika: "Naomba hii kesho saa mbili iwe mezani." Hata siku ambazo haandiki, mtumishi anaiangalia simu kwa sababu huenda akaandika. Sabine Sonnentag, mtafiti wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyorejesha nguvu zao, na tafiti za eneo hilo zinarudia jambo moja: anayeweza kuiacha kazi kimawazo baada ya saa za kazi huamka na nguvu, na asiyeweza huamka amechoka hata kama alikuwa amelala kitandani muda uleule. Kuketi sebuleni ukisubiri ujumbe wa mkubwa si mapumziko. Mwili unahesabu hiyo kuwa ni kazi.

Saa zenyewe nazo zina madhara ya moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha mwaka 2021 makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 pekee walikadiria vifo 745,000 duniani. Nayaleta haya kwa sababu ofisini bado tunasema "punda afe, mzigo ufike" kwa fahari, mbele ya vijana walioajiriwa juzi.

Mazoezi ya utulivu yanafanya nini hasa

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa biolojia, alianzisha programu katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Walioletwa kwake hawakuwa maofisa waliochoka, bali wagonjwa wenye maumivu sugu ambao madaktari hawakuwa na la ziada la kuwafanyia. Kwa wiki nane walikutana mara moja kwa wiki kwa zaidi ya saa mbili na kufanya mazoezi nyumbani takriban kila siku. Alichukua mbinu za kutafakari zinazotokana na Ubudha, akaziondolea ibada, akabakisha zoezi: kuielekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, kwa makusudi, bila kukihukumu.

Zoezi maarufu la mwanzo katika programu hiyo ni kula zabibu kavu moja taratibu mno. Unaitazama, unaigusa mikunjo, unainusa, unaiweka ulimini, unangoja kabla ya kutafuna. Katika mkoa unaolima zabibu nyingi kama huu, nadhani hakuna njia nyepesi zaidi ya kulielewa jambo lenyewe. Mtu akifanya hivyo mara ya kwanza hugundua kwamba kwa kawaida hula akiwa hayupo: mkono unapeleka, mdomo unatafuna, akili iko kwenye dokezo la jana. Zoezi zima ni kuirudisha akili pale ulipo mdomo.

Kwa nini hilo lisaidie? Msongo una sehemu mbili. Tukio lenyewe, tuseme bosi amefoka kikaoni, limechukua dakika tatu. Lakini mtumishi anaendelea kukisikia kile kikao akiwa kwenye daladala, akiwa anaoga, akiwa kitandani saa tisa usiku. Mwili hautofautishi sana kufokewa na kukumbuka kufokewa. Tezi zilizo juu ya figo zinaendelea kumwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, misuli ya shingo inakaza, usingizi unakataa. Mazoezi ya utulivu hayafuti kikao kile. Yanamfundisha mtu kuona "hilo hapo wazo la kikao limerudi", kisha kuirudisha akili kwenye pumzi au nyayo zake, bila kuanza mabishano mapya na bosi ndani ya kichwa. Kwa kurudia maelfu ya mara, muda ambao mwili unakaa kwenye hali ya hatari hupungua.

Pumzi nayo ina kazi yake. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na kupunguza unapoitoa, kwa sababu ya neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Ukitoa hewa polepole kuliko ulivyoivuta, unauambia moyo utulie. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anatetemeka kabla ya kuingia kwa katibu mkuu anaweza kujisaidia ndani ya dakika mbili mlangoni.

Nimesikia waumini, Wakristo na Waislamu, wakiuliza kama hii si dini ya watu wengine inayoingizwa ofisini. Ni swali la haki na halipaswi kudharauliwa. Asili yake nimeitaja. Linalofundishwa katika programu za kitabibu halina dua, halina mungu, halina sanamu, na hakuna anayetakiwa kuamini chochote. Anayeswali au kusali kwa utulivu tayari anajua baadhi ya faida zake, ingawa ibada ina lengo jingine kabisa na haipaswi kugeuzwa dawa ya msongo. Kwa maoni yangu mwajiri asimlazimishe mtu. Mtumishi asiyetaka kufumba macho kwenye ukumbi wa mikutano ana haki ya kubaki ameyafumbua, na kwa waliopitia tukio la kutisha, kama ajali au ukatili, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kuamsha hofu badala ya kuituliza.

Tafiti zinaonyesha nini

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu majibu yanaonekana kupingana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 na kukuta kwamba programu za kutafakari zinapunguza wasiwasi, dalili za sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Hawakukuta kwamba zinashinda mbinu nyingine, kama mazoezi ya mwili au dawa. Ni matokeo mazuri, yasiyo ya miujiza.

Kisha mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford akachapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki huduma za ustawi zinazotolewa na waajiri, yakiwemo mafunzo ya utulivu, kozi za kuhimili msongo na programu za simu, na wenzao wasioshiriki. Kwa ujumla walioshiriki hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kilichoonekana kuambatana na nafuu ni nafasi ya kujitolea katika shughuli za hisani.

Tafiti hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Ya kwanza inahusu watu, wengi wao wenye tatizo la kiafya, waliofuata programu kamili kwa wiki kadhaa na mwalimu. Ya pili inahusu kile ambacho waajiri hutoa kweli: semina ya nusu siku, kiungo cha programu ya simu, bango ukutani. Utafiti wa Fleming uliwaangalia watu kwa wakati mmoja tu, kwa hiyo inawezekana walioshiriki ndio waliokuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo. Mwenyewe alijaribu kulizingatia hilo katika hesabu zake. Hata ukimpunguzia, linabaki swali zito kwa mwajiri anayetenga fedha za semina huku nafasi tatu za kazi katika kitengo zikiwa hazina mtu.

Mwelekeo huohuo ulionekana kwa madaktari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba hatua zinazobadilisha mpangilio wa kazi, kama ratiba, mzigo na namna timu inavyofanya kazi, zilipunguza uchovu zaidi kuliko zile zinazomlenga daktari mmoja mmoja. Nayo miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, ya Septemba 2022, inataka mazingira ya kazi yarekebishwe na mameneja wafundishwe, pamoja na kumsaidia mtu binafsi. Mafunzo kwa mameneja ni jambo tunaloliruka. Tunawapeleka semina wale waliochoka, na anayewachosha anabaki ofisini akisaini posho za semina.

Ofisi inaweza kubadilisha nini

Pa kuanzia ni sheria iliyopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho ziwepo angalau saa 12, na kila wiki awe na saa 24 za kupumzika. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtu akiulizwa dokezo saa nne usiku na kutakiwa kulikabidhi saa mbili asubuhi, hesabu ya saa 12 imeshavunjika, hata kama hakuna aliyeitwa ofisini.

Lipo pengo. Sehemu hiyo ya saa za kazi inawaacha nje wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani mkuu wa kitengo, ambaye ndiye anayewaamulia wengine saa za kutoka, yeye mwenyewe hana kinga hiyo. Sishangai kwamba mara nyingi anayetuma ujumbe usiku naye kachoka hadi mwisho.

Ndani ya ofisi, mambo mengine hayahitaji bajeti yoyote. Idara inaweza kukubaliana kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni kundi la WhatsApp halitumiki kwa kazi, na kwamba la dharura linapigiwa simu mtu mmoja aliye zamu. Neno dharura lenyewe lielezwe, kwa sababu kwa baadhi ya wakubwa kila kitu ni dharura. Msimu wa bajeti unajulikana tarehe zake, kwa hiyo zamu za usiku zinaweza kupangwa Machi, watu wakapokezana, badala ya walewale watatu wanaojua kutengeneza majedwali kukesha kila siku. Anayekwenda likizo aondoke kazi yake ikiwa imekabidhiwa kwa maandishi. Likizo ya kujibu ujumbe haimpumzishi mtu. Na wenye wenzi mikoa mingine wapewe nafasi ya kuunganisha siku zao za mapumziko pale kazi inaporuhusu. Hilo la mwisho lingewasaidia watumishi wa Mtumba kuliko mwezeshaji yeyote.

Mahali pa kuyasemea haya pia papo. Taasisi za umma zina mabaraza ya wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi vinawakilishwa humo. Ajenda huwa ni posho na vyeo, mambo ya msingi kabisa, lakini hakuna kinachozuia mjumbe kuuliza: saa za ziada zilizofanyika robo iliyopita ni ngapi, ni nafasi ngapi zinakaimiwa na kwa muda gani, na ni watumishi wangapi hawajachukua likizo mwaka huu. Ni maswali matatu yenye majibu ya tarakimu, na tarakimu zikishasomwa mbele ya kikao zinaingia kwenye muhtasari.

Kwako unayesoma ukiwa umechoka

Usisubiri ofisi ibadilike ndipo ujitunze. Mazoezi ya utulivu yatumie kwa kazi yake halisi, ambayo ni kukupunguzia ile nusu ya pili ya msongo unayoibeba kichwani. Kaa kitini, nyayo zote chini. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Akili itatoroka, kila ukigundua imetoroka, irudishe bila kujilaumu, maana kule kurudisha ndilo zoezi. Wengine wanaona ni rahisi zaidi wakiwa wanatembea kutoka kituoni hadi nyumbani, wakisikiliza nyayo na upepo wa jioni. Mchana, kula ugali wako na mlenda bila simu mezani. Mazoezi hayo ya utulivu yatafutie saa zilezile kila siku, kwa sababu mara moja kwa mwezi haitoshi.

Na uchunguze mwili. Si kila uchovu ni wa kazi: upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingoni na kifua kikuu vyote vinaweza kuanza na kuchoka kusikoeleweka, na vipimo vyake vinapatikana. Ikiwa umepoteza hamu ya karibu kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, ikiwa pombe imekuwa ndiyo inayokulaza, tafuta daktari wiki hii. Ikiwa umeanza kufikiria kwamba ni afadhali usiwepo, nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyopo tangu enzi za Mwingereza miaka ya 1920. Jina lake tumelifanya utani wa vijiweni, na utani huo umewazuia watu wazima wenye akili timamu kwenda kutibiwa jirani na kwao. Huko kuna wataalamu wanaoona watu wanaokuja asubuhi, wanazungumza, wanapewa dawa au ushauri, na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukiona vigumu kuanzia huko, anzia kwa daktari wa kawaida katika kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Mweleze uchovu ulianza lini, unalala na kuamka saa ngapi, wiki yako ya kazi ina saa ngapi kweli, na likizo ya mwisho uliichukua lini. Akikuandikia mapumziko, sheria ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Watumishi wa umma wana Kanuni za Kudumu, na afisa utumishi anapaswa kukueleza zinasemaje kwa hali yako. Cheti mpelekee mwenyewe, kigongewe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala.